Mwisho wa Gemu ya Kebirigo

Chumba cha Nyabuto pale Kebirigo kilinuka risasi ya kulehemu, sweta zilizolowa mvua na vumbi la televisheni iliyopata moto. Ukisukuma mlango wa mabati, harufu hiyo ilikupokea kabla ya mwenyewe kukuona, kisha macho yakazoea giza, na ndipo ukasikia muziki wa gemu, mlango wa jiwe ukifunguka polepole. Nyabuto alikuwa fundi wa redio. Upande mmoja alikuwa na meza iliyojaa matumbo ya redio za watu, na upande wa pili aliweka mashine ya gemu aliyoletewa na nduguye kutoka Nairobi ikiwa imekwisha chakaa, pamoja na diski moja tu iliyokubali kufanya kazi. Nimeikumbuka harufu hiyo juma hili kwa sababu kila nikifungua simu nakutana na habari kwamba gemu za zamani za safari na visa zinageuzwa filamu, na watu wanabishana hadi mapovu yanawatoka. Wengine wanaapa kwamba haiwezekani, kwamba gemu bila pedi ya kuchezea mkononi ni chai bila majani. Ninayasoma mabishano hayo nikiwa kwenye studio yangu ndogo mjini Kisii, nikingoja kompyuta imalize kuunganisha video ya harusi ya mtu, nami nacheka peke yangu kwa furaha. Haiwezekani vipi? Sisi tuliiweza tukiwa darasa la saba!

Ilikuwa likizo ya Agosti. Binamu yangu Kemunto, mtoto wa mama mdogo, alikuwa ameletwa kwetu kutoka Suneka akae mwezi mzima, kwa kuwa mama yake alikuwa amepata kazi Nakuru na alikuwa akitafuta nyumba huko. Mwezi ukiisha, Kemunto angehamia Nakuru moja kwa moja na kuanza shule mpya. Tulilijua hilo tangu siku ya kwanza, na nadhani ndilo lililotufanya tuishi mwezi ule kwa pupa. Asubuhi tulichuma majani chai pamoja na mama, tukaosha vyombo, tukachambua mboga za chinsaga za jioni, halafu tukakimbia hadi kwa Nyabuto tukiwa na rangi ya kijani kwenye vidole. Kemunto alikuwa na vidole vya ajabu. Wavulana wakubwa walimpa pedi kwa dharau siku ya kwanza, na kufikia siku ya tatu walikuwa wakimwita wenyewe, wakisema, “Mwiteni Kemunto, hapa tumekwama.”

Gemu yenyewe ilimhusu msichana aliyeingia chini ya mji uliofukiwa kumtafuta kaka yake aliyepotea. Alikuwa na kamba, taa na kijitabu. Alisogeza mawe, alisoma michoro ukutani, aliruka mashimo, aliburuta sanamu hadi mlango ufunguke. Huko kwao alikuwa na jina la Kizungu, lakini sisi tulimbatiza Kwamboka, jina la mtu aliyevuka, kwa sababu kutwa alikuwa akivuka kitu. Maneno yake yaliandikwa kwa Kiingereza chini ya kioo, na yalipita mbio. Hapo ndipo nami nilipopata kazi yangu. Vidole vyangu vilikuwa vizito kama magogo, lakini Kiingereza nilikiweza, basi nilisimama kando ya televisheni nikawasimulia walioketi nyuma yale aliyosema Kwamboka, kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, na pale maneno yalipokosa utamu nikayatia chumvi kidogo. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nilitunzwa kwa mahindi ya kuchoma.

Sasa wanaobishana kwenye simu nataka wanisikilize hapa. Pedi zilikuwa mbili na moja haikufanya kazi. Kwenye mabenchi yale tuliketi watu kumi na watano, na zaidi ya nusu hawakuwahi kuigusa pedi hata siku moja. Walikuja kutazama! Mama mmoja muuza ndizi alikuwa akiingia na kapu lake, anauliza, “Ameshafungua ule mlango wa jana?” na akijibiwa kwamba bado, anarudi sokoni akinung’unika. Kijana mmoja alilia waziwazi siku Kwamboka alipookota kiatu cha kaka yake. Watu wale walikuwa wakitazama filamu, basi tu hakuna aliyekuwa ameiita hivyo. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba gemu ya kale haina hadithi ya kubeba filamu, moyo wangu unaruka nikitaka kumshika mkono nimketishe kwenye benchi lile. Hadithi ilikuwepo, tena ya kutosha. Tatizo letu lilikuwa moja, kwamba haikuwa na mwisho.

Diski ilikuwa na mkwaruzo. Kwamboka akifika kwenye daraja refu, mlinzi wa lango mwenye uso wa jiwe anatokea ng’ambo ya pili, anainua mkono, na papo hapo picha inaganda na muziki unashikwa na kwikwi. Nyabuto aliipangusa diski kwa sabuni, kwa dawa ya meno, kwa upande wa ndani wa ganda la ndizi kama alivyoshauriwa na mtu wa Masimba, na kila mara tuliganda palepale mlinzi akiwa ameinua mkono. Hakuna mtu Kebirigo nzima aliyewahi kujua mlinzi yule alitaka nini. Jambo hilo lilinikereketa kwa sababu ya baba. Baba alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa letu la Wasabato, mtu wa maneno machache na viatu vilivyong’aa, na hakuwahi kukanyaga kwa Nyabuto. Alikuwa na hoja yake aliyoirudia mezani: “Kitu kisichokwisha kimetoka kwa mwovu. Hata Mungu alifanya kazi akamaliza, akapumzika.” Na kweli haikuwa ikiisha. Nilitamani mno, kuliko hata nguo mpya, siku moja nimwambie baba kwamba imeisha, aje aone.

Wazo lilikuwa la Kemunto. Tulikuwa tukitoka kuteka maji, akasimama katikati ya njia, ndoo kichwani, akasema, “Moraa, kwani lazima tungoje mashine? Tuicheze sisi. Mjomba ana kamera.” Mjomba Ombati, kaka yake mama, alikuwa mpiga video wa harusi na mazishi, na Ijumaa ya mwisho ya likizo alikuwa anakuja kwetu kupitisha Sabato. Tulikuwa na siku tisa za kujiandaa. Mwanzo wa ngoma ni lele, na sisi tulianza kwa kuchora daftari zima! Mistari ya michai ikawa vichochoro vya mji uliofukiwa, kwani mtoto akiinama humo haonekani. Tulisokota kamba kwa magome ya mgomba. Taa tulichukua ya jikoni. Daraja lilikuwepo tayari, magogo mawili ya mkaratusi juu ya kijito cha bondeni. Mimi ningekuwa mlinzi, na uso wangu wa jiwe tuliutengeneza kwa gome la mgomba lililopakwa majivu. Mwisho tuliutunga usiku kitandani tukinong’onezana, na tulipoupata tulishikana mikono kwa furaha: yule mlinzi ndiye kaka mwenyewe. Amelinda lango muda mrefu hadi amejisahau. Kwamboka hampigi. Anaketi mbele yake darajani na kumsimulia safari yote, mlango baada ya mlango, na akifika kwenye kiatu, kaka anakumbuka, anauvua uso.

Ijumaa Mjomba alifika saa sita mchana na kamera yake kwenye mfuko wa ngozi. Alicheka tulipomweleza, kisha alipoona daftari letu akaacha kucheka. Tulipiga vichochoro, tukapiga milango, tukapiga kiatu. Saa tisa mvua ikaja, kama inavyokuja kwetu kila alasiri, ikatufungia jikoni tukikodolea macho ukungu. Ilipokatika, mama alitusihi tuache, lakini Kemunto alikuwa anaondoka Jumapili alfajiri na daraja lilikuwa bado. Mjomba akasema, “Twendeni mbio.” Bonde zima lilikuwa jeupe kwa ukungu, jua halikuonekana wala mahali lilipo, na kijito kilikuwa kimejaa kikinguruma. Mjomba alikuwa ameiacha saa yake jikoni isilowe, na saa ya kamera ilikuwa ikimeta sufuri tupu kwa kuwa hakuwahi kuirekebisha. Mimi nilikuwa ndani ya gome la mgomba, sioni chochote ila miguu ya Kemunto. Na Kemunto alisimulia! Hakuna mwigizaji niliyemwona tangu siku hiyo aliyenipa baridi ya mgongo kama ile. Alisimulia safari nzima bila kukosea, maji yakinguruma chini yake, na nilipouvua uso machozi yangu hayakuwa ya kuigiza.

Tulipanda kilima tukipiga kelele, na langoni tukamkuta baba akitoka kwenye kituo cha majani chai. Alitutazama, akaitazama kamera, kisha akaingia ndani kuangalia saa ya ukutani. Machweo yalikuwa yamekwisha kupita kwa dakika chache. Kwa wasiotujua, Sabato huanza jua linapozama Ijumaa, na kuanzia hapo kazi zote huwekwa chini, hata jembe huoshwa mapema. Sasa swali likawa hili: je, mwisho wetu ulipigwa kabla ya jua kuzama au baada? Mjomba alisema kupanda kilima huchukua robo saa. Mama alisema watoto hao walipanda wakikimbia. Hakuna aliyekuwa na saa, na jua lenyewe hatukuliona. Baba hakufoka. Alisema tu kwamba kilichopigwa ndani ya Sabato hakiwezi kuonyeshwa wala kubaki, na kwamba tutaamua Sabato ikifungwa. Kesho yake kanisani niliimba nyimbo zote bila kusikia hata moja, na Kemunto aliyeketi kando yangu alikuwa akinifinya kidole kila mhubiri alipotaja neno mwisho.

Jioni ya Jumamosi, tulipokwisha kufunga Sabato kwa maombi, baba akavaa miwani. Alikuwa amepata njia yake ya kuhukumu. Ng’ambo ya daraja, nyuma ya Kemunto, karibu kiasi cha kuonekana hata kwenye ukungu, palikuwa na boma la jirani yetu, na kuku wa jirani hulala juu ya mparachichi. “Kuku akiwa bado chini, jua halijazama,” baba alisema. “Akiwa juu ya mti, Sabato imeingia.” Mama aliongeza kwamba siku ya mawingu kuku hupanda hata mapema, kwa hiyo wakionekana chini hakuna shaka tena. Basi baba, aliyekataa kuitazama gemu maisha yake yote, akashika kamera ya Mjomba mikononi. Kioo chake kilikuwa kidogo kuliko kiganja na kuku walionekana kama mchwa. Mjomba akabonyeza. Tukasikia maji, tukasikia sauti ya Kemunto. Baba aliinama, akainama zaidi. Ilipofika kwenye kiatu alikuwa ameacha kupumua. Uso ukavuliwa, picha ikakatika, na mama akauliza, “Na kuku?”

Baba akatoa miwani akaifuta. “Sikuwaona,” alisema. “Rudisha.” Mjomba akarudisha. Mara ya pili baba aliapa atatazama mparachichi tu, na aliutazama kweli, hadi Kemunto alipoanza kusimulia. Mara ya tatu mama ndiye aliyeamua kusaidia, naye akajikuta akijipangusa macho kwa leso. Kabla ya mara ya nne betri ikaisha, na chaja ilikuwa kwenye studio ya Mjomba. Nilimtazama baba nikajua anaumia, na bado nilimkasirikia kabla hajafungua kinywa. “Wanangu,” alisema, “nimepewa nafasi tatu na sikujua. Penye shaka, siku ni ya Bwana.” Kemunto hakulia. Alisema, “Sawa, baba mkubwa,” kwa sauti ndogo sana, na alfajiri Mjomba alimpeleka Nakuru. Njiani walipitia kwenye studio, Mjomba akachaji betri, akafunika lenzi ya kamera na kurekodi giza juu ya mwisho wetu. Kanda aliirudisha kwa mtu aliyekuwa akija Kebirigo, ikatufikia saa nane mchana.

Maonyesho yalikuwa saa tisa kwa Nyabuto, kwenye deki ya video aliyoazima. Nilienda kwa kuwa nilikuwa nimeshawaalika watu. Mabenchi yalijaa, muuza ndizi akiwa mbele kabisa, na walishangilia walipoiona michai yetu kwenye televisheni! Walimtambua Kwamboka mara moja, wakamwonya asiingie kichochoro kibaya, wakapiga makofi milango ilipofunguka. Kisha akafika darajani, mlinzi akainua mkono, na kioo kikawa cheusi. Chumba kizima kikaguna, “Stima!” lakini balbu ilikuwa ikiwaka juu yetu. Watu wakanigeukia. Nilifungua kinywa nisimulie, mimi niliyezoea kusimulia, na hakuna neno lililotoka.

Ndipo tukasikia sauti mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale na mwavuli wake, viatu viking’aa, ndani ya nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga. “Mwisho nimeuona mimi,” alisema kwa Ekegusii, “mara tatu.” Akasogea hadi kando ya televisheni, mahali pangu, na akasimulia. Baba yangu wa maneno machache! Alianza kwa kunong’ona, akaishia akiwa ameinua mwavuli kama mlinzi. Alimwigiza Kwamboka akiketi darajani, alinguruma kama kijito, na akatia yake mwenyewe ambayo hatukuyaandika: kwamba kaka alipokumbuka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama mama bado hupika chinsaga na maziwa. Muuza ndizi alilia kwa sauti. Mtu mmoja akapiga kelele, “Rudia, mzee!” na baba akarudia. Hasira yangu yote iliyeyuka hapo, ila huzuni moja ilibaki, kwamba Kemunto hakuwepo kusikia.

Leo mambo yamegeuka. Chumba cha Nyabuto ni duka la dawa za mifugo. Wanangu wanaketi sebuleni wakitazama kwenye simu mtu wa nchi nyingine akicheza gemu, saa nzima, bila wao kugusa chochote, na nikiwaambia kwamba sisi tulifanya hivyohivyo kwenye benchi hawaamini. Wao wana kila kitu, picha safi, diski isiyokwaruzwa, na mwisho wa kila gemu uko mbali nao kwa mbonyezo mmoja. Sisi tulikuwa na mkwaruzo, nao ukatulazimisha kutunga. Siwaonei wivu, na wala siombi siku zile zirudi, kwani kuishi kwingi ni kuona mengi na mimi nataka kuona hili linalokuja. Kamera iliyo kwenye simu ya binti yangu ingemfanya Mjomba apige magoti. Naamini kabisa kwamba filamu hizi zitafaulu, zikitengenezwa na watu waliowahi kukaa benchi la nyuma na kumwonea uchungu mtu wa kwenye kioo. Zitakazofeli ni zile zitakazohesabu milango na kukisahau kiatu. Na niseme lililonifanya nikose usingizi juma hili: kati ya gemu zinazotajwa kwamba zitapigwa filamu, na yetu imo.

Nilimpigia Kemunto Nakuru tukapiga vigelegele kama wasichana wadogo. Yeye aliwahi kuutazama mwisho halisi kwenye mtandao, mimi sijathubutu. Aliniambia kwamba kule mlinzi anaanguka darajani anakufa, lango linafunguka, na kaka yuko ndani akingoja. “Moraa,” alisema, “wetu ni bora.” Jumapili nikaenda nyumbani Kebirigo kumpa baba habari. Siku hizi hachumi tena, hukaa barazani na redio yake, na masikio yamekuwa mazito, ikabidi nimweleze mara mbili kwamba Wazungu wanataka kuigeuza gemu ile ya Nyabuto filamu kubwa. Alifurahi, akataka kujua nani atakuwa Kwamboka. Kisha akauliza kuhusu mwisho, nami nikamwambia nilivyosikia, kwamba mlinzi anakufa.

Baba alizima redio. “Anakufa?” aliuliza. “Nani amewaambia?”

“Ndivyo ilivyo kwenye gemu yenyewe, baba. Ule mwingine tuliutunga sisi.”

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekosea hesabu rahisi. “Nimeona kwa macho yangu, Moraa,” alisema. “Waandikie leo, kabla hawajaanza kupiga picha. Waambie yule ni ndugu yake.”